Mama Mizani na Saladi ya Wodi ya Figo

Tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Ofisa Lishe Mkuu wa hospitali yetu atavua aproni yake nyeupe, ataitundika kwenye msumari wa tatu nyuma ya mlango wa jiko, na atastaafu. Atakuwa amelitumikia jiko hilo kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Katika muda huo amefanya kazi chini ya waganga wakuu saba na amezichakaza sufuria kubwa kumi na nne. Amechelewa kazini mara nne, na mara zote nne alieleza sababu kwa maandishi kabla hajaulizwa.

Jina lililoandikwa kwenye faili lake linajulikana na idara ya utumishi peke yake. Sisi wengine humwita Mama Mizani. Alilipata jina hilo katika mwezi wake wa kwanza, alipoingia jikoni na mizani yake mwenyewe ndani ya kikapu, kwa sababu mizani ya hospitali ilikuwa ikidanganya kwa gramu kumi na tano. Mpishi mkuu wa wakati ule, mtu wa mwili na sauti, alimtazama akamuuliza, “Binti, umekuja kupika au kupima dhahabu?” Mama Mizani alimwomba apakue wali kwa mwiko wake mara tano, akapima kila pakuo. Uzito ulitofautiana mara zote tano. Mpishi mkuu akasema, “Hebu pima na huu wa sita.” Tangu siku hiyo hakuna mwiko uliopakua bila mizani kuwa karibu.

Mumewe, ambaye ni fundi saa, aliwahi kuulizwa katika tafrija ya wafanyakazi kama nyumbani nako mambo ni hayo hayo. Alijibu kwamba kwake chakula huja kwa gramu na maneno huja kwa magunia. Wifi yake naye hueleza kwamba huyu ndiye jamaa pekee anayekuja kumtembelea akiwa na kijiko cha kupimia mafuta ndani ya mkoba.

Alianza kama msaidizi wa jiko, kazi yake ikiwa kumenya na kuosha. Alisoma masomo ya jioni kwa miaka minne, akapata cheti cha lishe, kisha stashahada. Amekuwa mkuu wa kitengo kwa miaka kumi na saba. Jambo kubwa aliloliacha jikoni ni kadi. Kila chakula kinachotoka jikoni mwetu kina kadi yake, iliyoandikwa uzito wa kila kiungo, nguvu inayopatikana, virutubisho, nani ale na nani asile. Chini ya kadi huwa na saini moja. Aliyesaini ndiye anayeulizwa. Alipoanza hapakuwa na kadi hata moja. Leo ziko sitini na tatu, na hiyo ya sitini na tatu ndiyo sababu ya wasifu huu kuwa mrefu.

Kadi iliyopata sifa kuliko zote ni ya kumi na nane, ya saladi ya viazi na mboga ya majira ya kuchipua. Saladi hiyo huandaliwa kwa wiki sita tu kila mwaka, wakati viazi vichanga vinapotoka shambani vikiwa na ganda jembamba linalotoka kwa kusuguliwa na kidole. Sahani moja ina gramu mia mbili za viazi vilivyochemshwa na maganda yake, sitini za njegere, arobaini za maharagwe machanga, thelathini za karoti, ishirini za figili na kumi na tano za majani ya kitunguu. Humiminiwa kijiko kimoja cha mafuta ya mimea na maji ya limau.

Sahani hiyo hutoa takriban kilokalori mia tatu na hamsini, ambazo ni chache kuliko watu wanavyodhani wanaposikia neno viazi. Ina gramu nane za protini, na karibu nusu yake hutoka kwenye njegere na maharagwe. Ina nyuzinyuzi za kutosha kumwondolea mgonjwa aliyelala muda mrefu ile shida ya tumbo ambayo hapendi kuitaja mbele ya wageni. Vitamini C yake inatimiza zaidi ya nusu ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku, mradi mboga zisiachwe motoni hadi zikapoteza rangi. Mafuta hayakuwekwa kwa ajili ya ulafi, kwani mwili hauwezi kuchukua vizuri faida ya karoti bila mafuta kidogo. Limau nalo huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga. Tena viazi vikipoa kwa saa kadhaa ndani ya jokofu, sehemu ya wanga wake hubadilika ikawa ngumu kumeng’enywa upesi, na sukari ya damu haipandi kwa kasi. Kwa sababu hiyo wodi ya kisukari, iliyokuwa ikikitazama kiazi kama mwizi, nayo ilipata sahani yake, kwa kipimo. Mama Mizani alizoea kuwaambia wagonjwa hao, “Kiazi hakina kosa. Mnakikaanga wenyewe, halafu mnakilaumu.”

Namba moja kwenye kadi hiyo imeandikwa kwa wino mwekundu. Ni ya potasiamu: miligramu elfu moja mia moja na sitini. Kwa mtu mwenye figo nzima hiyo ni neema, kwa maana husaidia kulituliza shinikizo la damu. Kwa mtu ambaye figo zake zimeacha kazi, potasiamu hubaki ndani ya damu na inaweza kuusimamisha moyo. Ndiyo maana wodi ya figo haikuwa ikipewa saladi, na ndiyo maana Mama Mizani alitaka kuipatia.

Hapa lazima lielezwe kosa. Wasifu unaoficha kosa la mstaafu humfanya aonekane hakufanya kazi, na yeye mwenyewe ametaka lielezwe.

Juu ya sinki kubwa la jiko palikuwa na kibao alichokiandika kwa mkono wake: MAJI YA VIAZI HAYAMWAGWI. Sababu ilikuwa njema. Viazi vinapochemka, sehemu ya vitamini na madini yake huingia kwenye maji, na kuyamwaga ni kumwaga chakula. Maji hayo yaliwekwa akiba na kupikiwa supu ya siku inayofuata. Kwa miaka mingi hakuna aliyedhurika, na wengi walinufaika.

Miaka kumi na mmoja iliyopita aliandaa saladi ya wodi ya figo. Viazi vilimenywa, vikakatwa vipande vidogo, vikachemshwa mara mbili katika maji mengi ili potasiamu itoke. Hesabu ilikuwa sahihi na kadi ilipitishwa. Lakini maji yale, yaliyokuwa yamebeba kila kilichotolewa kwenye viazi, yalitiwa kwenye sufuria ya supu kama kibao kilivyoamuru, na supu ilipelekwa wodi zote, ya figo ikiwemo. Supu ilikuwa na kadi yake ya zamani, iliyoandikwa kwa maji ya viazi vyenye maganda, ambayo huwa na potasiamu kidogo. Kila kadi, ikisomwa peke yake, haikuwa na hatari. Hakuna aliyeziweka mbili pamoja. Alichokitoa kwenye sahani Jumatatu alikirudisha kwenye bakuli Jumanne.

Jumatano asubuhi mgonjwa wa kitanda cha sita, seremala, alikutwa miguu haina nguvu na moyo unapiga ovyo. Alikimbizwa kwenye mashine ya kusafisha damu, akaokoka. Wodi ikatafuta sababu, na ikaona imeipata: ganda la ndizi kwenye pipa la taka. Ndizi zina potasiamu nyingi na zilikuwa zimekatazwa. Binti yake seremala, aliyekuja kila siku na kikapu, alikaripiwa na muuguzi wa zamu saa ya kuona wagonjwa, mbele ya wodi nzima. Alilia akasema kikapuni mlikuwa na ndara na gazeti tu. Hakuaminiwa. Hata baba yake alimwambia kwa upole, “Mwanangu, sema tu. Ndizi si dhambi.”

Mama Mizani aliisoma taarifa ya wodi mchana ule, akateremka jikoni, akaziweka kadi mbili pamoja juu ya meza. Kesho yake alipanda wodini saa ya kuona wagonjwa, kwa makusudi, kwa sababu binti alikaripiwa saa hiyo hiyo. Alisimama katikati ya vitanda akasema, “Si ndizi. Kilichompata fundi kilitoka jikoni kwangu, kwenye supu. Binti yake hana kosa. Kosa ni langu.”

Seremala ndiye aliyesema kwanza. “Basi mwombe radhi mwanangu, mama. Mimi nitangoja zamu yangu.” Alimwomba radhi binti, kisha baba. Muuguzi naye, bila kuambiwa, akamwomba radhi binti. Baada ya hapo seremala aliuliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia: “Na ile saladi je, ndiyo imekwisha?” Aliambiwa imesimamishwa mpaka Mama Mizani atakapoweza kuiapia. “Usikawie,” alisema. “Mimi si kijana.”

Hiyo ndiyo ahadi aliyoibeba kwa miaka kumi na mmoja. Alijiandikia barua ya kosa, akapewa onyo, na onyo hilo limo kwenye faili lake hadi leo. Mafaili yalipokuwa yakipunguzwa miaka mitano iliyopita, alikataa liondolewe, akakaa ofisini mwa utumishi hadi alipoliona limerudishwa mahali pake. Kibao cha sinki alikibandua mwenyewe. Misumari yake miwili aliiacha ukutani.

Seremala aliruhusiwa kwenda nyumbani, lakini mashine ilimrudisha kwetu kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Njia ya chumba cha mashine hupita kwenye dirisha la jiko. Kila mwaka viazi vichanga vilipofika, alisimama dirishani, akaegemea fimbo yake na kuuliza, “Mama, saladi yangu?” Kila mwaka alijibiwa, “Bado, fundi.” Naye alijibu, “Haya. Nitakula hewa,” akaenda zake.

Kizuizi kilikuwa Daktari wa figo, na tunamshukuru kwa hilo. Alitaka sampuli tatu mfululizo, zilizopimwa katika maabara ya nje, na kila moja isizidi miligramu mia tatu na ishirini kwa sahani. Sampuli za mwanzo zilipishana vibaya. Moja ilikuwa chini ya kiwango, iliyofuata ilikipita kwa mbali. Mama Mizani alijaribu kumwonyesha wastani wake. Daktari alirudisha karatasi na kusema, “Siwezi kumweka mgonjwa wangu mikononi mwa wastani. Wastani hauli.” Mama Mizani alibadilisha sufuria, alibadilisha aina ya viazi, aliongeza maji. Misimu ikapita.

Ilikuwa msimu wa saba alipogundua kwamba tatizo ni kisu. Kipande kikubwa hakitoi potasiamu kama kidogo, na wapishi wake walikata kila mmoja kwa tabia yake. Alichukua trei yenye mafungu matatu ya viazi vibichi, akampelekea seremala kwenye kiti cha mashine, kwa kuwa yeye ndiye mtu pekee aliyemjua ambaye maisha yake yote yalikuwa ya kukata vitu sawasawa. Fundi alivitazama kwa muda. “Hivi vimekatwa na mtu mwenye haraka,” alisema. “Hivi, na mtu mwenye hasira. Na hivi, na mtu aliyekuwa akisikiliza redio.” Wapishi wawili walikiri. Wa tatu anakana hadi leo, na redio imeondolewa.

Seremala aliamua kutengeneza kisanduku chenye mianya ya kupitishia kisu, ili kila kipande kitoke kikiwa na sentimita moja kila upande. Cha kwanza kilikuwa cha mbao. Mvuke ulikivimbisha, mianya ikakibana kisu. Cha pili alikichonga kutoka kwenye plastiki nene ya vibao vya kukatia nyama. Kilimchukua miezi minne, kwa sababu siku za mashine mikono yake hutetemeka na alifanya kazi siku nyingine tu. Kisanduku hicho kiko jikoni, rafu ya pili. Huoshwa, hukaushwa, na hakiazimwi.

Kwa kisanduku hicho sampuli zilianza kufanana. Mwaka jana zote tatu zilikuwa chini ya kiwango. Daktari alifanya hesabu upya kwa mkono wake, kisha akauliza juu ya maji. Aliambiwa yanamwagwa. Akauliza nani anayamwaga. Aliambiwa ni mtu mmoja aliyeteuliwa, na anasaini kwamba ameyamwaga. Ndipo alipotia saini kibali chake. Kwa bahati mbaya majibu ya mwisho yalifika wiki tatu baada ya msimu kwisha, na kadi ilisema viazi vichanga. Seremala alipita dirishani, akapewa habari. “Yaani imekubaliwa, ila haipo,” alisema. “Haya. Nitakula karatasi.”

Mwaka huu baridi ilikawia kuondoka, na viazi vikakawia nayo. Mama Mizani alimpigia simu muuza mboga kila asubuhi, hadi yule bwana akalalamika, “Mama, viko ardhini. Siwezi kuvivuta kwa kamba.” Siku zake za kazi zilibaki kumi, zikawa nane. Wapishi waliona kwamba alikuwa akivinoa visu ambavyo vilikuwa vimekwisha kunolewa. Viazi vilifika Jumatano, zikiwa zimebaki siku sita.

Sote tulidhani yeye ndiye atakayeisaini kadi ya sitini na tatu. Alipoletewa kalamu, aliisukuma juu ya meza hadi mbele ya msaidizi wake, ambaye ndiye atakayemrithi na ambaye jikoni huitwa Dada Kikokotoo. “Kadi husainiwa na atakayekuwepo kuulizwa,” alisema. “Mimi mwisho wa mwezi sipo.”

Dada Kikokotoo hakusaini. Alirudisha kila kitu kwenye mizani, akaanza upya: viazi gramu themanini, maharagwe machanga arobaini, tango thelathini, karoti ishirini, figili kumi. Njegere hazimo. Mafuta ni kijiko kimoja, limau ni matone. Chumvi haimo, wala ile chumvi mbadala ya dukani, kwa kuwa nyingi hutengenezwa kwa potasiamu yenyewe. Alipima kwa saa nzima, mkuu wake akiwa amesimama kando, mikono nyuma. Mwisho aliinua kichwa. “Mama, karoti zimezidi gramu tatu.” Imethibitishwa na watu wanne kwamba Mama Mizani alitabasamu. Kwa baadhi yetu ilikuwa mara ya kwanza kuyaona meno yake ndani ya jiko. Karoti zilipunguzwa, kadi ikasainiwa. Imeandikwa wazi kwamba vitamini C nyingi ya viazi hivyo imekwenda na maji, na kwamba sahani hii si dawa, ni chakula.

Kisha viazi vikachemshwa mara mbili, na mara mbili Dada Kikokotoo akainamisha sufuria juu ya sinki kubwa. Wapishi waliacha kazi wakatazama. Maji yalikuwa meupe kidogo na yalitoa harufu nzuri. Yalikwisha, akasaini.

Alhamisi saa nne asubuhi sahani ilipelekwa chumba cha mashine. Seremala sasa ana miaka sabini na minne. Binti yake, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, alikuwa amekaa karibu naye na kikapu chake. Muuguzi aliyemkaripia miaka ile ndiye aliyesogeza meza. Fundi alionja, akatafuna polepole. “Chumvi, mama?” Aliambiwa hakuna. Alikichoma kipande kimoja kwa uma, akakigeuza huku na huku machoni pake. “Lakini vimekatwa vizuri,” alisema, akaendelea kula. Alipomaliza alifuta midomo, akamtazama Mama Mizani na kuuliza, “Na supu je?”

Chumba kizima kilicheka, binti yake akiwa wa kwanza. Mama Mizani hakucheka. Alikuwa akijaza fomu ya wodi, mahali palipoandikwa mabaki, na aliandika: hakuna. Tuliokuwepo tuliona kwamba ilimchukua muda mrefu kuliandika neno hilo moja.

Damu ya seremala ilipimwa Jumamosi kabla ya mashine, na tena Jumanne. Mara zote mbili ilikuwa ndani ya mipaka. Tangu jana wagonjwa wengine kumi na mmoja wa wodi ya figo wanapata saladi hiyo, na itaendelea hadi msimu utakapokwisha. Kisanduku kinabaki rafu ya pili. Misumari miwili juu ya sinki imepata kibao kipya, kilichochongwa na mikono ya siku zisizo za mashine. Kinasema: MAJI YA VIAZI: ULIZA KWANZA.

Kwa niaba ya jiko, wodi zote na ofisi zilizolishwa kwa gramu miaka thelathini na mmoja, tunamshukuru. Mizani yake ya kikapuni anaondoka nayo, kwa kuwa ni mali yake. Mama Mizani, siku zako ziwe njema na ndefu, nyumbani kwako na kwa wajukuu. Pumzika vizuri, na ule bila kadi.